Mkimbizi, deplase, mgeni: maneno yasiyo na maana moja

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyotolewa Bunia na kuandikwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji

 

Leo hatutasema juu ya bunduki. Tutasema juu ya maneno. Labda mtu atauliza: maneno yana faida gani kwa mama anayelala chini ya bashi na watoto watano? Tunajibu hivi: neno ndilo linaloandikwa kwenye karatasi. Na karatasi ndiyo inayosema nani atalindwa, nani atasaidiwa, shamba ni la nani, na nani atarudi kwake. Tena neno ndilo linalotangulia panga. Sisi watu wa Ituri tunalijua jambo hilo vizuri.

Hapa Bunia mtu aliyekimbia vita ana majina mengi. Majirani wanamwita mkimbizi. Wafanyakazi wa misaada wanamwita deplase. Wanaotoka Uganda wanasema refugee, kwa Kiingereza. Na siku ya ugomvi, kwenye bomba la maji, anaitwa mgeni. Wengi wanafikiri haya yote ni jambo moja katika lugha mbalimbali. Sivyo. Kila neno linajibu kwa njia yake swali moja: nani ana deni kwa mtu huyu? Tulifuate swali hilo katika historia.

1. Neno refugee lilitoka wapi

Mwaka wa 1685, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliifuta amri iliyokuwa inawapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Watu wengi sana walitoroka. Wengine walikwenda Uholanzi, wengine nchi za Wajerumani, na wengine walivuka bahari mpaka Uingereza. Wafaransa hao waliitwa réfugiés. Waingereza walilichukua neno hilo na kulifanya lao: refugee.

Angalieni vizuri. Ndani ya neno hilo mna neno lenye maana ya kimbilio. Kwa hiyo linamwangalia mtu mahali alipofika, linamtazama akiwa chini ya paa la mtu mwingine. Kiswahili chetu kinatazama upande mwingine. Mkimbizi anatokana na kukimbia, nasi tunaiangalia miguu yake ikiwa bado njiani. Lakini lugha yetu inalo pia neno kimbilio, kutoka mzizi uleule. Ni kama lugha inatukumbusha kwamba mbio za mtu lazima ziwe na mwisho, na kwamba yuko mtu anayepaswa kufungua mlango.

2. Wazungu waliokimbilia ng'ambo ya ziwa letu

Wako wanaofikiri kwamba kukimbia ni ugonjwa wa Afrika, au ni laana ya makabila fulani. Historia inawakatalia. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, watu wengi wa Ulaya walibaki bila nchi. Mwaka wa 1921 Shirikisho la Mataifa lilimpa Fridtjof Nansen, mtu wa Norvege, kazi ya kuwashughulikia. Mwaka wa 1922 kilianza kutolewa cheti kilichoitwa pasipoti ya Nansen, ili mtu asiye na serikali aweze kuvuka mipaka.

Katika vita vya pili jambo hilo lilifika karibu na sisi. Wapolandi wengi, wakiwemo wanawake na watoto wengi, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa mbali katika nchi ya Warusi. Walipopata kutoka huko, walipitia Irani, na tangu mwaka wa 1942 maelfu yao waliletwa Afrika ya Mashariki. Kambi moja ilikuwa Nyabyeya, karibu na Masindi, huko Uganda. Kutoka kwetu ni ng'ambo tu ya Ziwa Albert. Walijenga kanisa la matofali, nalo limebaki hata baada ya wao kuondoka. Mtu wa Ituri anayesikia aibu kwa sababu alikimbia ajue hivyo: watoto wa Ulaya nao walilelewa katika kambi upande ule wa ziwa letu.

Vita hivyo vilipokwisha mwaka wa 1945, neno la pili lilipata nguvu, yaani displaced, ambalo Wafaransa wanasema déplacé. Lakini siku zile halikuwa na maana ya leo. Lilitumiwa kwa mamilioni ya watu walioondolewa makwao na vita, nao wengi walikuwa nje ya nchi zao. Maneno hubadilika kama watu. Kwa hiyo tusishangae kama sisi tunayachanganya. Wenye lugha wenyewe waliyachanganya.

3. Mkataba wa 1951 na ule wa Afrika

Tarehe 28 Julai 1951, huko Geneva, mataifa yaliandika mkataba juu ya wakimbizi. Tangu hapo neno refugee lilikuwa neno la sheria. Mkimbizi wa sheria ni mtu aliye nje ya nchi yake, anayeogopa kwa sababu ya kweli kwamba atateswa kwa ajili ya kabila lake, dini yake, uraia wake, mawazo yake ya siasa, au kundi analohesabiwa ndani yake, wala hawezi kupata ulinzi wa serikali yake. Mkataba ule ulikuwa na mpaka wa wakati: ulihusu mambo yaliyotokea kabla ya 1 Januari 1951, na serikali iliweza kuchagua kuhesabu ya Ulaya peke yake. Mpaka huo wa wakati uliondolewa mwaka wa 1967.

Viongozi wa Afrika waliona kwamba nguo hiyo haikututosha. Mama anayekimbia mabomu hajui kama anateswa kwa ajili ya siasa au kabila. Anajua nyumba inaungua. Kwa hiyo tarehe 10 Septemba 1969, huko Addis Ababa, Umoja wa Nchi za Afrika uliandika mkataba wake. Uliongeza kwamba mkimbizi ni pia yule aliyelazimika kutoka nchi yake kwa sababu ya kushambuliwa na nchi nyingine, kutawaliwa na wageni, au machafuko makubwa ya usalama. Mkataba huo ndio uliofungua mlango kwa watu wengi wa kwetu.

Nasi tuliufungua wetu. Katika miaka ya 1960 watu wa Sudani ya kusini waliingia kaskazini-mashariki ya Kongo kwa kukimbia vita vyao. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka wa 1979, Waganda wengi wa Nili ya Magharibi walivuka na kukaa upande wetu, huko Aru. Wazee wa Aru wanakumbuka. Ituri si nchi ya kukimbia tu. Ni nchi iliyopokea.

4. Ndugu wawili wa mama mmoja

Sasa tuje kwenye mambo ya karibuni. Mwezi wa 12 mwaka wa 2017 mauaji yalianza tena katika teritware ya Djugu. Mwanzoni mwa 2018 zaidi ya watu 50,000 walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na mashua, wengi wakifikia Sebagoro, kisha wakapelekwa Kyangwali. Wengine wengi walishika barabara ya Bunia. Walilala kwenye uwanja karibu na hospitali kuu, na baadaye wengine wakahamishiwa Kigonze.

Tufikirie ndugu wawili wa mama mmoja. Kijiji chao kimechomwa usiku mmoja. Mkubwa anashuka ziwani, anapata nafasi katika mtumbwi. Mdogo ana mtoto mgonjwa, anatembea mpaka Bunia. Moto ni uleule, machozi ni yaleyale. Lakini kesho yake sheria inawaita kwa majina mawili.

Mkubwa ni mkimbizi. Anaandikishwa na serikali ya Uganda pamoja na HCR. Sheria ya Uganda ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea, na katika makao ya wakimbizi anaweza kupewa kipande cha ardhi cha kutumia. Hawezi kurudishwa kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Lakini hawezi kupiga kura huko, na ardhi ile si yake ya kurithisha. Yeye ni mtu wa nchi nyingine.

Mdogo ni deplase. Hakuvuka mpaka wa nchi. Watu wanamwona kama mkimbizi wa daraja la pili, na yeye mwenyewe pengine anajiona hivyo. Tusimame hapa, kwa maana hapa ndipo kosa kubwa liko.

5. Deplase ni mwananchi

Mwaka wa 1992 katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa alimchagua Francis Deng, mtu wa Sudani kutoka upande wa Abyei, kuwa mjumbe wake juu ya watu waliokimbia ndani ya nchi zao. Deng na wenzake walitunga kanuni 30, zikatolewa mwaka wa 1998. Wazo lao ni moja: serikali inayosema "hii ni nchi yangu" inasema pia "hawa ni watu wangu". Utawala ni wajibu.

Kanuni ya 1 inasema deplase ana haki zilezile za mwananchi mwingine yeyote wa nchi. Kanuni ya 3 inasema wa kwanza mwenye wajibu wa kumlinda na kumsaidia ni wakubwa wa nchi yake. Mashirika yanakuja kusaidia, hayaji kuchukua nafasi ya serikali. Kanuni ya 10 inakataza kuzishambulia kambi za deplase. Kanuni ya 20 inawataka wakubwa wawape tena vyeti vilivyopotea.

Viongozi wa Afrika walifanya zaidi. Tarehe 23 Oktoba 2009, huko Kampala, Umoja wa Afrika ulikubali mkataba juu ya watu hao, ulioanza kuwa na nguvu tarehe 6 Desemba 2012. Kabla ya hapo, mwaka wa 2006, nchi za Maziwa Makuu, Kongo ikiwa kati yake, zilikuwa zimeandika huko Nairobi masikilizano yenye sehemu moja juu ya deplase, na sehemu nyingine juu ya mali za watu wanaorudi.

Kwa hiyo deplase si neno dogo kuliko refugee. Mkimbizi anabisha hodi kwenye nyumba ya jirani. Deplase yuko ndani ya nyumba ya baba yake, ila amefukuzwa chumbani. Haombi sadaka kwa mgeni, anadai kwa wake. Jetoni ya mgawo haimfanyi mtu kuwa deplase. Yaliyompata ndiyo yanayomfanya. Hata jina lake likikosekana kwenye liste, yeye ni deplase.

Tunajua mnachotaka kusema: haki hizo ziko wapi? Tarehe 1 Februari 2022 watu wenye silaha waliingia usiku kambi ya Savo, upande wa Djugu, wakaua watu wapatao 60. Kanuni ya 10 haikuwazuia. Ni kweli, karatasi haizuii panga. Lakini karatasi inazuia kitu kimoja: inazuia uovu usiitwe ajali. Waliouawa Savo hawakuwa watu waliojipeleka mahali pabaya. Walikuwa wananchi waliokuwa na haki ya kulindwa, na siku ya hukumu lazima neno hilo lisemwe.

6. Kuhama na kukimbia

Mashefu, sehemu hii ni yenu hasa.

Kiswahili kina vitenzi vinavyokaa karibu. Kuhama ni kuondoka mahali kwa kupenda: mtu amepata kazi, au ameona udongo umechoka. Kuhamishwa ni kuondolewa na mwingine. Kukimbia ni kuondoka kwa hofu ili uokoe roho. Kutoroka kuna harufu ya kosa: mwizi anatoroka, mwenye deni anatoroka.

Shefu akiandika katika kitabu chake "jamaa hii ilihama mwaka wa 2018", atakayesoma baada ya miaka 10 ataelewa nini? Ataelewa kwamba waliacha shamba kwa kupenda, basi na mwingine alilime. Lakini akiandika "jamaa hii ilikimbia vita mwaka wa 2018, shamba lao lilipakana na mto upande huu na mti ule", ameilinda mali yao kwa mstari mmoja. Kanuni ya 21 inasema mali aliyoiacha deplase isichukuliwe ovyo. Kanuni ya 29 inawataka wakubwa wamsaidie kuipata tena. Lakini watafanyaje kama kitabu kimekwisha kusema alihama?

Tukumbuke chanzo. Vita vilivyoanza mwaka wa 1999 katika kolektivite ya Walendu-Pitsi vilianzia kwenye ugomvi wa mashamba, nani mwenye karatasi na nani mwenye makaburi ya babu zake. Kufikia mwaka wa 2003, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 50,000 waliokufa na zaidi ya 500,000 waliokimbia. Mashamba ya watu waliokimbia yakipewa wengine leo, tunapanda mbegu ya vita vya watoto wetu.

7. Neno mgeni

Mgeni ni neno zuri. Mgeni anapewa kiti na maji. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini deplase jembe analo, au analijua. Kinachokosekana ni shamba. Na neno hilohilo zuri, likisemwa kwa hasira, linakuwa na maana nyingine: hapa si kwako.

Tumeiona njia hiyo. Katika miaka ya 2002 na 2003 mji huu wa Bunia uligawanywa, mtaa kwa mtaa. Watu walitengwa kwa maneno mawili: mzaliwa na asiye mzaliwa. Mfanyabiashara aliyejenga nyumba yake hapa, mwalimu aliyefundisha watoto wetu, wote waliulizwa walitoka wapi. Kila kabila lilikuwa na watu wake waliouawa na watu wake waliokimbia.

Halafu Mei 2003 ilifika. Askari wa Uganda walipoondoka, makundi yenye silaha yalipigania mji. Wakaaji wa Bunia wenyewe walikimbia. Maelfu walijazana karibu na makao ya MONUC na kwenye uwanja wa ndege. Wengine walitembea kwa miguu kuelekea Beni. Wengine walivuka ziwa. Tarehe 30 Mei Umoja wa Mataifa ulitoa ruhusa, na mwezi wa 6 askari wa Ulaya wakafika. Ndipo watu wakaanza kurudi kidogo kidogo.

Basi wewe mwenyeji unayemwambia mtu wa Djugu au wa Irumu "mgeni, rudi kwenu", ulikuwa wapi Mei 2003? Kama ulikuwa Beni, mtu wa Beni alikupa jiko. Kama ulikuwa kwenye uwanja wa ndege, ulikuwa deplase katika mji wako mwenyewe, hatua chache kutoka nyumba yako.

8. Kurudi na kurudishwa

Neno la mwisho. Kiswahili kinatofautisha vizuri kurudi na kurudishwa. Herufi chache tu, lakini kati yake kuna uhai wa watu. Kanuni ya 28 inasema wakubwa waandae njia ili deplase arudi kwa kupenda, katika usalama na kwa heshima, au akae mahali pengine katika nchi kwa kupenda vilevile. Hasukumwi. Hakatiwi chakula ili achoke na kuondoka. Hapakiwi kwenye kamio kwa sababu ziara ya mkubwa inakaribia. Aende kwanza mtu mmoja wa jamaa aangalie: njia ikoje, shule ikoje, nani anakaa katika shamba letu. Kisha jamaa iamue.

Na yule anayekataa kurudi sasa, asiitwe mvivu anayependa mchele wa mashirika. Anajua alichokiona.

Wasikilizaji wapenzi, tukusanye. Refugee wa Kiingereza na réfugié wa Kifaransa ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi: deni lake liko kwa nchi iliyompokea na kwa mataifa. Deplase ni mwananchi aliyefukuzwa kwake: deni lake liko kwa serikali yake, kwa shefu wake, kwa majirani zake. Mkimbizi wa Kiswahili chetu anawabeba wote wawili, wala si vibaya, mradi tujue tunasema juu ya nani. Na mgeni ni wa kupewa kiti. Tusilitumie kumnyang'anya mtu nchi yake.

Mashefu, angalieni vitabu vyenu. Neno alihama likiwa limeandikwa mahali pa alikimbia, lisahihisheni mbele ya mashahidi wa kila upande, wakati wazee wanaoijua mipaka ya mashamba wangali hai. Hiyo ni kazi ya amani, na haihitaji feza.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mtaa wetu au kambi yetu, watu waliokimbia wanaitwa kwa neno gani? Wao wenyewe wanapenda kuitwa nani?
2. Mwaka wa 2003, jamaa yako ilikimbilia wapi? Nani aliwapokea?
3. Shefu wetu anaandika nini juu ya mashamba ya watu waliokimbia? Nani anaweza kuwa shahidi wa mipaka?
4. Tutajuaje kwamba jamaa inayorudi inarudi kwa kupenda, wala hairudishwi?

 Mungu awalinde usiku huu, ninyi mlio nyumbani na ninyi mlio mbali na nyumbani.